Sura ya Sita: Nani Kamfunika Nani?

Mwaka 1989 kampuni ya TSR ya Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ilitoa vitabu vitatu vya visa kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons: Shadowdale, Tantras na Waterdeep. Yaliyomo humo si mchezo. Miungu wanafukuzwa kwenye makao yao na kutembea ardhini kama binadamu. Uchawi unaenda mrama, mtu anaagiza hiki kinatokea kile. Bane, mungu wa udhalimu, anakabiliana na mungu mwenzake, Torm, katika mji wa Tantras na wote wawili wanaangamia. Katika ulimwengu ule, uitwao Forgotten Realms, wachezaji hawakuwahi kuletewa jambo zito kama hilo.

Na kazi ya wachezaji ilikuwa nini? Kumsindikiza Midnight. Huyu ni mwanamke mchawi ambaye, pamoja na wenzake Kelemvor, Cyric na Adon, alikuwa mhusika mkuu wa riwaya tatu zilizotoka mwaka huohuo zikiwa na majina yaleyale. Midnight ndiye anayetafutwa na kila upande, na mwisho wa yote ndiye anayepandishwa kuwa mungu wa uchawi. Cyric naye anapata uungu wake. Wahusika wa wachezaji, waliovuja damu kutoka kitabu cha kwanza hadi cha tatu, wanashuhudia. Kwenye soka letu timu ya namna hiyo ina jina: msindikizaji. Inacheza mechi zake zote, inatoka jasho, lakini kila mtu anajua kombe ni la nani.

Ndipo linapokuja swali la sura hii. Je, ulimwengu uliochapwa, wenye ramani, wafalme, miungu na mashujaa wake, unamfunika mhusika wa yule aliyeununua ili acheze?

Kwa msomaji asiyewahi kukaa kwenye meza hiyo, mchezo wenyewe huwa hivi. Watu wanne au watano wanakutana. Mmoja ni mwendeshaji: yeye anaeleza mazingira na kuwasemea watu wote wanaokutwa njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake mmoja, na kazi yao ni kusema mhusika huyo anafanya nini. Penye wasiwasi, dadu huamua. Mhusika mpya huanza ngazi ya 1, ana silaha, kamba na chakula cha siku chache, na hupanda ngazi kadiri anavyopona. Hakuna mwisho uliopangwa. Angalau, haupaswi kuwapo.

Sanduku la kijivu

Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka mwaka 1974. Ulimwengu wa Forgotten Realms una umri mkubwa kuliko mchezo huo. Ed Greenwood, Mkanada aliyekuja kufanya kazi maktaba, alianza kuuandikia hadithi akiwa mtoto, miaka ya 1960. Kuanzia 1979 akawa anaandika kwenye jarida la Dragon, na mara nyingi habari zake alizipitisha kinywani mwa mzee mmoja mchawi, Elminster. Ilikuwa mbinu nzuri. Mzee anayesimulia anaweza kukosea, anaweza kuficha, anaweza kusahau, na mwendeshaji anabaki huru kusema kwamba mambo yalikuwa vingine. TSR ikanunua ulimwengu huo, na mwaka 1987 ukatoka ndani ya sanduku la kijivu.

Wanunuzi walikuwa na sababu zao. Mwendeshaji ana kazi, ana familia, na hana usiku wa kutosha wa kubuni majina ya mito, koo za watawala na dini za vijijini. Sanduku linampa yote hayo. Linawapa pia wachezaji jambo la kushika: ukisema mhusika wako katokea Waterdeep, kila aliyesoma anajua ni mji wa bandari, wenye watawala wanaovaa vinyago, na mazungumzo yanaanza bila hotuba.

Halafu biashara ikakua. Mwaka 1988 R. A. Salvatore akatoa riwaya ya The Crystal Shard, na mpiga panga wake wa mikono miwili, Drizzt Do'Urden, akawa maarufu kuliko ulimwengu uliomzaa. Elminster naye akaacha kuwa sauti ya msimulizi akawa mtu kamili, mwenye riwaya zake na takwimu zake. Katika kitabu kikubwa cha ulimwengu huo cha mwaka 2001 amepewa zaidi ya ngazi 30.

Hapo ndipo likazaliwa swali ambalo kila mwendeshaji wa Forgotten Realms amewahi kuulizwa. Kijiji kimevamiwa, mzee wa kijiji analia, wahusika wanne wa ngazi ya 2 wanaombwa msaada, na mchezaji mmoja anaegemea kiti na kuuliza: "Kwani Elminster si anakaa hapo Shadowdale? Mbona haendi mwenyewe?" Majibu yapo. Ana shughuli. Yuko ulimwengu mwingine. Anataka vijana wakomae. Yote yananuka udhuru, na mezani kila mtu anasikia harufu hiyo.

Wengi hukomea hapo na kumhukumu Elminster. Mimi naona wamemkamata asiye na hatia. Mchezaji haoni vibaya kuwa mdogo. Alikubali udogo alipoanza ngazi ya 1. Anavumilia wafalme, majoka na wachawi wanaoweza kumpeperusha kwa pumzi moja, maana kuwakwepa, kuwahadaa na kuwashinda siku moja ndiyo raha yenyewe. Asichokivumilia ni kugundua kwamba alichokitenda hakikubadilisha kitu, na kwamba asingekuwapo mambo yangekwenda vilevile. Elminster mwenye ngazi 30 hawezi kumfanyia hivyo. Midnight, ambaye mwisho wake ulikwisha chapwa, anaweza.

Wakubwa waliokuwa watoto wa mezani

Historia ya mchezo wenyewe inaunga mkono hoja hii. Miongoni mwa malimwengu ya kwanza ya TSR ulikuwamo Greyhawk wa Gygax, uliochapwa 1980. Humo kuna wachawi wakuu ambao majina yao yamo kwenye vitabu vya kanuni hadi leo, na mgeni anaweza kudhani Gygax aliwabuni ili wawe juu ya wachezaji. Ukweli ni kinyume. Mordenkainen alikuwa mhusika wa Gygax mwenyewe, siku ambazo mtu mwingine aliendesha naye akacheza. Tenser alikuwa wa mwanawe Ernest, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kabisa wa mahandaki ya Greyhawk akiwa bado mvulana. Panga upya herufi za jina la mchawi huyo utamwona mwenyewe. Drawmij alikuwa wa Jim Ward, lisome jina kutoka nyuma.

Rob Kuntz, rafiki wa familia, alimchezesha mpiganaji aitwaye Robilar. Siku moja Robilar aliwakuta miungu wadogo waliofungwa chini ya kasri la Greyhawk, akawafungulia. Mmoja wao alikuwa Iuz. Ulimwengu ulipochapwa, Iuz alikuwa ameketi kaskazini kama mtawala katili, na vita vyake vikaja kuwa tishio kuu la vitabu vya miaka ya 1990. Maelfu ya wachezaji wamepambana na balaa lililoanzishwa na kijana mmoja aliyeachwa huru kufanya ujinga wake mezani.

Hata Dragonlance, ulimwengu unaoshutumiwa zaidi kwa kuwabana wachezaji, una mbegu hiyo. Tracy Hickman na Margaret Weis walikuwa wakiandaa riwaya na visa kwa pamoja mwaka 1984, na mashujaa walikuwa wamekwisha kupangwa: Tanis, Sturm, Caramon, pacha wake Raistlin na wengine. Katika kikao cha majaribio nyumbani kwa Hickman, Terry Phillips alipewa Raistlin. Alipofungua mdomo, akazungumza kwa sauti ya kukwaruza, ya kunong'ona, yenye kejeli. Haikuwa imeandikwa popote. Ikaingia riwayani, na Raistlin yule ndiye wasomaji waliyempenda.

Lakini yaliyompata Phillips hayakuwapata wanunuzi. Wao walipewa Raistlin aliyekwisha kamilika, pamoja na kanuni ya ajabu iliyomo kwenye kisa cha kwanza, Dragons of Despair: mhusika muhimu akiuawa kabla ya wakati wake, mwendeshaji ajitahidi mwili usionekane. Aanguke kwenye korongo, azame, aporomokewe na mwamba. Sababu ni kwamba bado anahitajika kwenye vitabu vinavyofuata. Mchezaji aliyerusha dadu na kumuua adui mkubwa alikuwa amerusha dadu bure, kwa kuwa uamuzi ulikuwa kwenye ratiba ya uchapishaji.

Mkuki wa Tyr

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Dark Sun, uliotoka 1991, kazi ya Timothy Brown na Troy Denning. Dunia yake, Athas, ni jangwa. Chuma ni adimu hata silaha zinachongwa kwa mifupa na mawe. Uchawi unanyonya uhai wa mimea na kuacha majivu. Miji inatawaliwa na wafalme wachawi, na mji wa Tyr una Kalak, aliyekaa kwenye kiti kwa miaka elfu moja, anayefilisi hazina na kuwachosha watumwa ili amalize jengo lake kubwa la ngazi. Mtu yeyote anayefungua sanduku hilo anaona kazi iliyo mbele yake. Kuna dhalimu. Kuna watumwa. Haya, anzeni.

Mwaka huohuo Denning akatoa riwaya ya The Verdant Passage, ambamo Kalak anauawa na watu wanne: Rikus, Neeva, Sadira na Agis. Na kisa cha kwanza kabisa cha kuchezwa, kiitwacho Freedom, kikawaleta wachezaji Tyr kushuhudia tukio hilohilo. Wanakamatwa, wanafanywa watumwa, wanabeba mawe ya jengo la Kalak. Siku ya michezo uwanjani, Rikus anatupa mkuki, mfalme anajeruhiwa, uwanja unafungwa na Kalak anaanza kunyonya uhai wa umati mzima. Wahusika wa wachezaji wamo ndani ya umati.

Nikitazama kisa hicho kwa makini naona mambo mawili. La kwanza, mkuki uko mkononi mwa mtu asiyekuwapo mezani. Swali kuu la sanduku zima, nani atamwondoa Kalak, limejibiwa kabla mwendeshaji hajanunua dadu. La pili linanivutia zaidi: bado kuna kazi ya kweli uwanjani. Milango imefungwa, watu wanadondoka, na riwaya haikusema hatima ya kila aliyekaa jukwaani. Wachezaji wakiwaokoa mia, ni mia yao. Wakikimbia peke yao, ni aibu yao. Waandishi walipoacha jambo bila kuliamua, mchezo ulirudi hai hapohapo, mita chache kutoka kwa Rikus.

Kwa hiyo marekebisho ni madogo kuliko inavyodhaniwa. Mwendeshaji amfute Rikus. Mkuki uwe tetesi inayosikika kwenye kambi ya watumwa, uwe na mtu anayeutengeneza, na gharama ya kuupata. Siku ya michezo ikifika, mchezaji ndiye asimame mchangani, dadu irushwe mbele ya wote. Ikikosa, imekosa. Kalak ataishi, jengo litakamilika, na riwaya nne zinazofuata zitakuwa hadithi za watu wa Tyr nyingine.

TSR haikufanya hivyo. Riwaya ziliendelea kuua wafalme wachawi hadi 1993, na sanduku jipya la 1995 likayafanya yote hayo kuwa historia rasmi. Aliyetaka kuwa shujaa wa Athas alikuta mashujaa wamekwisha pita na kusafisha. Toleo la mwaka 2010 lilirudisha kalenda nyuma: Kalak kaanguka juzi tu, Tyr iko huru na haijui itaishije, wafalme wengine bado wapo. Wachapishaji walikubali, kwa vitendo, kwamba majibu yao wenyewe yalikuwa yamemeza mchezo.

Kwa nini waliyatoa majibu hayo? Kwa sababu ulimwengu ulioandikwa vizuri unanunuliwa mara moja, na kampuni inataka kuuza kila mwaka. Ukisogeza kalenda, una kitabu kipya. Wako pia wanunuzi wasio na meza, wanaosoma vitabu hivi kama riwaya, na kwao habari mpya za wakubwa ndiyo starehe yenyewe. Wachapishaji White Wolf walijenga jina lao hivyo: mchezo wao wa Vampire: The Masquerade ulianza 1991, ukawa unawaletea wasomaji mapinduzi na vifo vya mazimwi wakubwa, hadi mwaka 2004 walipouangamiza ulimwengu wote na kufunga hesabu. Forgotten Realms nayo mwaka 2008 ilirushwa mbele karibu miaka mia. Mungu wa uchawi kauawa, nchi zimezama, na wahusika wa watu waliokuwa wanacheza wiki iliyopita wamekuwa marehemu wa zamani.

Walioona mbele

Wako waliokwepa mtego huu tangu mwanzo. Kampuni ya Iron Crown ilipotoa mchezo wa Middle-earth ya J. R. R. Tolkien mwaka 1984, ilikuwa na tatizo kubwa kuliko Elminster: kila mnunuzi alijua ni nani atakayeiharibu Pete. Vitabu vyake vingi vikawekwa kwenye miaka ya karibu 1640 ya Enzi ya Tatu, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya safari ya Frodo. Tauni imepita, falme zimedhoofika, na Tolkien hakuandika mengi kuhusu miaka hiyo. The One Ring, mchezo wa Francesco Nepitello wa 2011, ulijibana zaidi: unaanza mwaka 2946, miaka mitano baada ya vita vya mwisho wa The Hobbit, mahali ambapo kuna misitu na vijiji vingi ambavyo Frodo hatavipitia kamwe. Gandalf anaweza kupita kwenye kijiji kimojawapo akanywa chai. Hatima ya kijiji hicho haimo kwenye kitabu chochote.

Keith Baker alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2002 Wizards of the Coast, waliokuwa wameinunua TSR, walitangaza shindano la kutafuta ulimwengu mpya, wakapokea mapendekezo kama 11,000. Alishinda Baker, na Eberron ikatoka 2004. Humo wenye nguvu na nia njema ni wachache, na wachache hao wamefungwa kamba. Jaela Daran, kiongozi wa dini ya Silver Flame, ni mtoto wa miaka 11. Ndani ya ngome yake takatifu ni mkuu wa kutisha, akitoka nje ni padri mdogo tu. Oalian, mkuu wa walinzi wa misitu, ana uwezo mkubwa kuliko karibu kila mtu barani, ila ni mti. Ukimuuliza mwendeshaji wa Eberron kwa nini Oalian haendi mwenyewe, anakuonyesha mizizi.

Lakini busara kubwa ya Baker haiko kwenye ngazi za Jaela wala mizizi ya Oalian. Iko kwenye kalenda. Mwaka 994 nchi nzima ya Cyre iliangamia kwa siku moja, na vita vya karne vikasimama kwa hofu. Nani alifanya hivyo, na atarudia? Vitabu havijibu, na waandishi walitangaza kwamba havitajibu. Riwaya za Eberron zinaruhusiwa kusema chochote, lakini hazibadilishi vitabu vya mchezo. Mchezo unaanza mwaka 998, na toleo la 2019, miaka 15 baadaye, bado linaanza mwaka 998. Jibu la Cyre ni la meza yako. Meza ya jirani itakuwa na jingine.

Yupo mfunikaji mmoja ambaye hata Baker hawezi kumzuia, nao ni ujuzi usiolingana. Mchezaji mmoja kasoma riwaya zote. Mwendeshaji kasoma kitabu kimoja. Kila mfalme anapotajwa, mjuzi anasahihisha: huyo alikufa, mkewe si huyo, mji ule uko upande wa pili wa mto. Hana nia mbaya, anapenda tu. Ila wenzake wanaanza kuogopa kusema kitu wasije wakakosea, na mhusika wa mtu anayeogopa kusema hafanyi chochote. Mjuzi wa namna hiyo apewe kazi kabla mchezo haujaanza: mhusika wake awe mwanazuoni, na anachokijua kiwe kile watu wa huko wanachokiamini. Kama ni kweli au uongo, ataamua mwendeshaji. Greenwood alifanya hivyohivyo alipomwachia Elminster asimulie.

Kwa hiyo nashauri jambo moja kwa anayefungua sanduku la ulimwengu wa mtu mwingine. Asipoteze muda kuhesabu ngazi za wakubwa waliomo. Atafute mambo makubwa ambayo hayajaamuliwa, achague tarehe ambayo mengi zaidi bado yako wazi, kisha afunge kalenda hapo. Kila kitabu kitakachotoka baadaye akisome kwa raha zake, achukue majina, ramani na chakula cha sokoni, lakini matukio yake yasiingie mezani bila kupigiwa dadu. Na siku ya kwanza, kabla mtu hajaandika jina la mhusika wake, awaambie wote kwa sauti: "Jamani, huku kwetu Kalak bado anatawala, na hakuna mtu mwingine anayekuja kumtoa."